Risasi ya nyavu kwa bei nafuu: itafute wapi, na kwa nini betri si mahali pake

Swali: Fundi, shikamoo. Mimi ni mvuvi hapa Pangani, nina wavu mkubwa wa jarife na mishipi kadhaa. Risasi za dukani zimepanda bei, kwa hiyo tumeanza kuyeyusha na kusubu wenyewe uani. Mpwa wangu aliye Tanga mjini amenipatia betri mbovu sita za gari kwa bei ya kutupa. Nimevunja moja na kuiyeyusha, nikaambulia risasi kidogo tu, ngumu, nikiibana kwenye kamba inapasuka, na jivu jingi limebaki. Nakosea wapi? Na risasi nzuri ya bei nafuu naipata wapi? Watoto wapo hapo uani, lakini nawaambia wakae mbali.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Hizo betri tano zilizobaki usizivunje. Zisimamishe wima kivulini, mbali na watoto, maji yake yakiwa ndani, mpaka umalize kusoma. Na lile jivu usilimwage popote. Lifunike kwenye kopo lenye mfuniko, nitalirudia.

Unauliza unakosea wapi. Mkono wako hauna kosa, kosa ni la mali yenyewe. Betri ya gari dogo yenye kilo 15 ina risasi nyingi kweli, kama kilo 9 hivi, ila risasi hiyo iko katika hali mbili tofauti. Sehemu moja ni metali: vichwa vya juu, viunganishi, na zile wavu nyembamba ndani ya sahani. Sehemu nyingine, ambayo ndiyo kubwa, ni ule udongo wa kijivu na wa kahawia uliopakwa kwenye sahani. Huo si metali tena, ni risasi iliyoshikamana na oksijeni na salfa. Jiko la mkaa haliwezi kuurudisha kuwa metali. Viwandani wanautia kwenye tanuru maalumu pamoja na makaa, magadi na vyuma, moto wa kupita nyuzi 1,000, na moshi wote unapitishwa kwenye machujio. Wewe uani utapata kilo tatu au nne, na zilizobaki ndizo hizo ulizoziita jivu. Umelipia risasi yote, umekula kama theluthi, na theluthi mbili zimebaki zikipeperuka mlangoni kwako.

Ugumu nao una sababu. Risasi ya betri si risasi tupu, ni aloi, yaani imechanganywa na metali nyingine. Ile ya betri za zamani inatiwa antimoni ili wavu zile nyembamba zisipinde, na ya betri za siku hizi inatiwa kalsiamu na bati kidogo. Antimoni ndiyo inayoifanya ipasuke ukiibana. Risasi ya nyavu inatakiwa iwe laini, ukiifinya kwa koleo ijikunje kwenye kamba na itulie. Kwa hiyo hata bila habari ya sumu, betri ni mali mbaya kwa kazi yako. Ukichanganya na risasi laini utaiharibu laini yako.

Tena kuchanganya risasi za betri za zamani na za siku hizi kuna hila moja ambayo mafundi wengi hawaijui. Mavi ya risasi, yaani ukoko na unga unaotoka juu ya risasi iliyoyeyuka, yenye kalsiamu pamoja na antimoni au aseniki yakipata maji, hata umande wa usiku, yanaweza kutoa gesi za arsini na stibini. Ni gesi zinazoua, na huwezi kuziona. Mtu amezima jiko, amemwagia maji apoze, ameinama kukusanya taka, basi. Ndiyo maana nimekwambia jivu lako lifunikwe likae pakavu.

Sasa nikueleze habari ya wavuvi wenzetu, kwa kuwa yaliwapata katika kazi hii hii. Thiaroye-sur-Mer ni kitongoji cha wavuvi pembezoni mwa Dakar, Senegali. Kwa miaka mingi wahunzi wa pale walikuwa wakitoa risasi kwenye betri za magari na kuisubu kuwa risasi za nyavu. Vumbi lake likajichanganya na mchanga wa mtaa. Mwaka 2007 bei ya risasi duniani ikapanda sana, wanunuzi wakaja kutaka hata ule mchanga wenyewe, na watu wakaanza kuuchimba na kuuchekecha kwa mikono, wengine wakiubeba mpaka majumbani. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Shirika la Afya Duniani lilipofika na kupima, likakuta ndugu zao na mama zao nao wana risasi nyingi mno katika damu.

Hapa jirani, Owino Uhuru kule Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifanya kazi ukuta kwa ukuta na nyumba za watu tangu 2007 hadi 2014. Phyllis Omido alikuwa mwajiriwa pale, mtoto wake akaugua, akapimwa, ikaonekana ni risasi iliyokuwa ikimfikia kwa maziwa ya mama. Alipigania jambo hilo mpaka mahakamani. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufaa ikakatwa na fidia hiyo ikafutwa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu ile. Hela hazikumrudishia mtoto yeyote akili aliyopoteza.

Kwa hiyo kuwaambia watoto wakae mbali hakutoshi, mwanangu. Jiko likiisha kuzimwa wewe unaondoka na wao wanarudi kucheza palepale. Vumbi liko kwenye mchanga, kwenye kanga zilizoanikwa, kwenye shati ulilovaa unapompakata mtoto wako. Mtoto mdogo hufyonza risasi tumboni mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima kwa kiasi kile kile alichokimeza. Inamkaa mifupani na inamharibu ubongo, anakuwa mzito wa kujifunza na mwepesi wa hasira, na wewe unadhani ni utundu. Mama mjamzito risasi aliyoihifadhi mifupani toka ujana inamtoka na kumwingia aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani halitambui kiwango chochote cha risasi mwilini kuwa salama. Wapeleke watoto hospitali, mweleze daktari wazi kwamba uani kwako iliyeyushwa betri, na uulize kipimo cha risasi katika damu. Usingoje dalili, maana kwa kawaida hazionekani mapema.

Tuje kwenye mali nzuri.

Pa kwanza kutafuta ni palepale ufukweni. Nyavu zilizochakaa zinakatwa na kutupwa au kuchomwa na risasi zake zikingali nzima. Wafumaji na washonaji wa nyavu huwa na magunia ya kamba za chini zilizooza. Wapiga mbizi wa pweza na majongoo hukuta chubwi, zile risasi za mishipi, zilizokwama mwambani. Risasi hii imeshachaguliwa na mtu mwenye kazi kama yako, ni laini, na haihitaji kuyeyushwa. Inyooshe kwa koleo, isugue na maji na mchanga wa bahari ndani ya ndoo, ibane tena kwenye kamba mpya. Ukienda kwa wenye nyavu kubwa za dagaa wakati wa kubadilisha nyavu, utapata kwa bei ya maelewano.

Pa pili ni kwa mafundi tairi wanaofanya balansi. Vile vipande vidogo vinavyogongwa kwenye ukingo wa rimu vikitolewa hutupwa kwenye kopo, na kopo likijaa fundi anauza kwa kilo. Vya kugonga, vyenye kishikizo cha chuma, vina antimoni kama asilimia tatu, kwa hiyo ni vigumu kidogo: vinafaa sana kwa chubwi za mishipi, na ukichanganya nusu kwa nusu na risasi laini vinafaa hata nyavu. Vile vya kubandika kwa gundi mara nyingi ni risasi laini karibu tupu, na hivyo ndivyo vya kuvisaka. Lakini kopo la siku hizi lina mchanganyiko. Ulaya walizuia vipande vya risasi kwenye magari mapya tangu 2005, na magari mengi yanayoingia kwetu yana vya chuma au zinki. Vingine vimeandikwa Pb, Fe au Zn, vingine vimefutika.

Nenda na sumaku na koleo la kukatia. Kinachonaswa na sumaku mwili mzima ni chuma, weka kando, una kazi nacho nitakayokwambia. Kisichonaswa kibane pembeni kwa koleo: risasi inakatika kama sabuni na ndani inang'aa halafu inafifia baada ya siku chache, lakini zinki inakataa, koleo linateleza na linaacha mkwaruzo tu. Kidondoshe sakafuni pia. Zinki inalia kwa sauti kali, risasi inatua kwa kishindo kizito. Usione tabu kukikagua kimoja kimoja. Zinki kidogo tu ikiyeyukia ndani, sufuria lote linakuwa zito kama uji, halijazi kalibu ya kumiminia, na kuitenga tena uani ni kazi bure.

Pa tatu ni kwa wavunja nyumba na wauza vyuma chakavu: mabomba ya zamani ya maji machafu, mabati ya risasi yaliyozibia mapaa, ganda la nyaya kubwa za zamani za ardhini. Mabomba na mabati ni risasi laini nzuri kabisa, ukikwaruza kwa ukucha unaacha alama. Kwa nyaya sina budi kukuonya: nyaya za umeme na simu zinaibwa sana, na mwenye kukutwa na mali ya wizi anabeba kesi ya mwizi. Nunua kwa mwenye leseni na udai risiti. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu tangu 2015, na mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara yote kwa miezi kadhaa kwa ajili ya uharibifu wa mitambo ya umeme. Wanunuzi wa Tanga na Mombasa wanafahamiana, habari husafiri.

Ukikuta mabati yaliyobanduliwa kwenye chumba cha eksirei hospitalini, hayo ni risasi safi na hayana mionzi, eksirei haiachi mionzi ndani ya ukuta. Lakini ukikuta chungu kizito, boksi au silinda ya risasi yenye ile alama ya majani matatu ya mionzi, usikiguse wala usikibebe. Ondoka, wapigie polisi au Tume ya Nguvu za Atomiki. Kinachohifadhiwa ndani ya chungu cha namna ile kinaweza kuua familia nzima.

Herufi za risasi za mitambo ya zamani ya kuchapa vitabu utaziona mara chache. Zina antimoni hata asilimia 12 na zaidi, na bati juu yake. Ni ngumu na zinavunjika, hazifai nyavu hata kidogo. Ukizipata, mwuzie fundi anayezihitaji, zina bei kuliko risasi ya kawaida.

Kabla hujawasha moto, jiulize kama unauhitaji. Ukipata bati la risasi, likate kwa mkasi wa bati vipande vya upana wa vidole viwili, zungushia kwenye kamba, gonga kwa nyundo ya mbao, umemaliza. Bomba nalo linapasuliwa kwa urefu, linanyooshwa na kukatwa vivyo hivyo. Hakuna moshi, hakuna mavi, hakuna kuungua. Nyavu za mababu wengi zilitiwa uzito hivyo, na ndiyo njia ninayompendekezea kila mvuvi mwenye watoto nyumbani. Nawa tu mikono kwa sabuni kabla ya kula au kuwasha sigara, na vipande vidogo vifagie kwa kitambaa chenye maji, usifagie vikavu.

Kama ni lazima usubu, kwa mfano chubwi za kilo moja za mshipi wa kina kirefu, basi hama uani. Nenda mahali wazi ambapo hakuna anayeishi, hakuna kisima wala shamba la mchicha, upepo ukupige mgongoni. Vaa viatu vilivyofunika, suruali ndefu iliyoteremka juu ya kiatu, miwani na glavu za ngozi. Kitambaa puani hakizuii kitu, maana ukungu wa risasi unapita kwenye nyuzi zake. Kinachokulinda ni upepo, na kuudhibiti moto.

Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327. Nyuzi 350 hadi 400 zinatosha kabisa kusubu. Kuanzia 500 hivi ndipo inapoanza kutoa mvuke wa kukudhuru kwa kasi. Huna kipimajoto, sawa, tumia macho: uso wa risasi ukianza kupata rangi za dhahabu na zambarau, moto umezidi, na kitako cha chombo kikiwa chekundu umezidi mno, punguza makaa. Moto mdogo una faida nyingine. Zinki inayeyuka nyuzi 419, kwa hiyo kipande kilichokuponyoka machoni kitaelea juu pamoja na vishikizo vya chuma, ukiteke kwa kijiko kabla hakijaharibu chungu.

Usitumie sufuria ya alumini. Kwenye mkaa inalegea, na ikiachia kitako una kilo tano za risasi ya moto miguuni. Tumia chombo kizito cha chuma chenye kitako kimoja bila kiungo, kisirudi jikoni maisha yake yote.

Maji ndiyo adui mkubwa wa siku hiyo. Tone moja likizama chini ya risasi iliyoyeyuka linakuwa mvuke mara 1,600 ya ukubwa wake kwa kufumba na kufumbua, na risasi yote inaruka usoni. Nimeona kwa macho yangu vijana wakisubu kwenye mchanga mbichi wa pwani kwa kuwa unashika umbo vizuri. Unashika, na ndio uliowachoma. Risasi za nyavu kuukuu zina chumvi na maji kwenye matundu, kwa hiyo zianike, uzipange kwenye chombo kingali baridi, kisha washa. Ukitaka kuongeza nyingine katikati, ziweke kwanza pembeni mwa jiko zipate joto.

Kalibu nzuri ya rahisi ni kipande cha bomba la chuma kilichopasuliwa katikati kwa urefu, ukifunga nusu mbili kwa waya na kusimamisha msumari katikati kwa ajili ya tundu la kamba. Ipitishe kwanza juu ya moshi wa kibatari ipate masizi pande zote, na msumari vilevile, ili risasi isinate kwenye kalibu. Risasi ikipoa inajibana juu ya msumari, kwa hiyo uwe umechongeka mwembamba upande mmoja, uugonge kutokea upande huo. Kabla ya kumimina tupia juu kipande cha nta au unga wa mbao uliokauka kabisa, koroga taratibu kwa fimbo kavu, utaona ukoko wa juu unapungua na kuwa unga. Unga huo ndio mavi. Yateke taratibu bila kupuliza, weka kwenye kopo la bati lenye mfuniko, pamoja na lile jivu la betri yako, na mpe mnunuzi wa risasi mwenye kibali, kwani kwake yana thamani.

Nimekuahidi habari ya chuma. Wavuvi wengi wanadhani hakuna kinachoweza kusimama mahali pa risasi. Kilo moja ya risasi ikizama baharini inabaki na uzito wa gramu 910 hivi. Kilo ya chuma inabaki na gramu 870. Kwa jarife lililotaka kilo 20 za risasi, kilo 21 za chuma zinafanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba chuma ni kinene zaidi, kinapata kutu, na hakibaniki. Nati kubwa za lori zina tundu tayari, unazipitisha kwenye kamba. Mnyororo mwembamba ulioshonewa chini unalaza wavu vizuri kwenye mchanga, ingawa mwambani utakwama. Zipake lami ya kuchemsha, zitadumu misimu kadhaa. Zege ni la mwisho, kilo yake inabaki na gramu 570 tu majini, lakini kwa nanga za wavu wa kutega linatosha na halimdhuru mtu. Kwa jarife lako ningeweka nati chini yote, na ile risasi chache laini ningeitunzia kimia, wavu wa kurusha, ambacho lazima kifunguke na kuzama kwa haraka.

Zile betri tano ziuze nzima. Mnunuzi mwenye kibali cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, anazinunua kwa uzito, na maduka mengi ya betri huzipokea unaponunua mpya na kukupunguzia bei. Usimwage maji yake ili ziwe nyepesi kubeba, ni asidi, na ndani yake mna risasi pia. Hela utakayopata peleka kwa fundi tairi. Na pale uani ulipoyeyushia ile moja, jivu lote likiisha kuondolewa, lowesha mchanga ili usitimke, uchote kina cha kiganja kuzunguka jiko lilipokaa, utie kwenye magunia yaliyofungwa, umpe mnunuzi huyohuyo au uulize ofisi ya mazingira ya wilaya pa kuupeleka. Jaza mchanga mpya. Fanya hivyo watoto wakiwa shule.